Gaineti ya kijani na tomalini ya kijani: namna ya kuzitenganisha, kuzikata na kuzitumia

Mawe mawili ya kijani hufika kwenye meza za wanunuzi Ruangwa yakiwa yamefungwa ndani ya karatasi moja, na mara nyingi huitwa kwa jina moja. La kwanza ni gaineti ya kijani, ambayo wafanyabiashara huiita tsavoraiti. La pili ni tomalini ya kijani. Yote ni magumu, yote yanang'aa, na yote yanaweza kuwa na kijani kilekile cha jani bichi la mkorosho. Lakini bei zake zimeachana mbali, hukatwa kwa namna tofauti, na hata sonara hawezi kuyashughulikia kwa namna moja. Mchimbaji anayeuza tsavoraiti kwa bei ya tomalini ametoa jasho la miezi bure. Mnunuzi anayefanya kinyume chake amezika mtaji.

Rangi haiyatenganishi mawe haya. Kinachoyatenganisha ni uzito, na jinsi mwanga unavyopita ndani yake. Vipimo hivyo viwili unaweza kuvifanya mwenyewe nyumbani, kwa vifaa unavyoweza kununua Lindi mjini, Masasi au Mtwara, bila kulikwaruza jiwe wala kulichoma.

Yanakotoka na yanavyoonekana yakiwa ghafi

Tsavoraiti ni gaineti ya kundi la grosula, yaani kalsiamu, aluminiamu na silika. Kijani chake kinatokana na kiasi kidogo cha vanadi, au kromi, au vyote viwili. Mjiolojia Campbell Bridges aliipata Simanjiro mwaka 1967, baadaye akaikuta tena ng'ambo ya mpaka, Taita nchini Kenya. Mwaka 1974 kampuni ya vito ya Tiffany & Co. ya Marekani ikaiingiza sokoni kwa jina lililochukuliwa kwenye hifadhi ya Tsavo. Huku kusini jina lake limeshikamana na Ruangwa, hasa upande wa Namungo.

Kuna alama moja ya mwamba ambayo kila mchimbaji wa ukanda huu anapaswa kuijua: kinywe (grafiti). Tsavoraiti hupenda kukaa ndani ya miamba yenye kinywe, ileile iliyoifanya Ruangwa itajwe kwenye miradi ya kinywe ya Nachu na Chilalo. Ukichimba ukaona mwamba wa tabaka tabaka unaoacha weusi vidoleni kama masizi ya sufuria, punguza nguvu ya nyundo. Jiwe likiwa bado mwambani hukaa ndani ya kinundu cha mviringo kama kiazi, chenye ganda la kijivu au jeupe chafu. Ndani yake mara nyingi kumejaa nyufa, na kipande kisafi kinaweza kuwa kidogo kama punje ya hindi katikati ya kiazi chenye ukubwa wa ngumi. Hapo ndipo hasara nyingi hutokea: nyundo ya kilo mbili inavunja kile kilichosalimika kwa mamilioni ya miaka. Kinundu hupasuliwa kwa patasi ndogo, ukifuata ufa ambao tayari upo.

Tomalini ni kitu kingine kabisa. Ndani yake kuna boroni, sodiamu au kalsiamu, magnesiamu au chuma, aluminiamu na silika, mchanganyiko mrefu unaobadilika toka jiwe moja hadi jingine. Humea kama kijiti. Ukikitazama kijiti hicho kwa mbele, kata yake ni pembetatu yenye pande zilizovimba, na ubavuni kuna mistari ya kushuka kutoka juu hadi chini kama michirizi ya fimbo iliyochongwa. Hakuna gaineti yenye umbo hilo. Kwa kawaida tomalini hutoka kwenye mishipa ya mwamba mweupe wenye kwatzi na ulanga. Ile yenye kijani kikali inayoitwa tomalini ya kromi hutoka kwenye miamba iliyopikwa kwa joto na mgandamizo, jirani na tsavoraiti, na ndiyo inayowachanganya watu zaidi.

Ukanda wa pwani, kuanzia Kilwa hadi Lindi mjini na Mikindani, una miamba ya mashapo: chokaa, mchanga na udongo. Ndiyo miamba iliyotoa mifupa ya dinosaria kule Tendaguru, na mwenye kutafuta gaineti ndani yake anapoteza nguvu. Mwamba wa zamani uliopikwa unaanza ukiingia bara, Ruangwa, Nachingwea, Masasi na Nanyumbu. Mawe yakishaburutwa na maji ya mto hupoteza kona zake. Kijiti cha tomalini kinakuwa kokoto, kipande cha gaineti nacho kinakuwa kokoto, na macho hayana tena cha kushika. Kuanzia hapo unahitaji mzani.

Tarakimu za kukariri

Ugumu wa mawe yote mawili ni 7 hadi 7.5 kwenye kipimo cha Mohs, kwa hiyo ugumu hauwezi kukusaidia chochote kuyatofautisha.

Densiti (uzito wa jiwe ukilinganishwa na maji ya ujazo uleule) ya tsavoraiti ni 3.57 hadi 3.65, na nyingi huangukia karibu na 3.61. Ya tomalini ni 3.00 hadi 3.26, na ya kijani mara nyingi huwa karibu na 3.06.

Kipimo cha kupinda mwanga ni takriban 1.74 kwa tsavoraiti, na 1.62 hadi 1.64 kwa tomalini. Tsavoraiti ina kipimo kimoja tu. Tomalini ina viwili vilivyoachana kwa 0.018 hadi 0.020, kwa sababu inaugawa mwanga katika miale miwili. Tofauti hii ndogo ndiyo msingi wa jaribio la pili.

Jaribio la kwanza: uzito ndani ya maji

Unahitaji mzani wa kidijitali unaosoma hadi gramu 0.01, kama ule unaotumiwa na wapima dhahabu, kikombe kidogo cha plastiki, maji safi, tone la sabuni ya maji, na kipande cha uzi wa mshipi mwembamba kabisa. Uzi wa pamba haufai, unanyonya maji na kubadili usomaji.

1. Osha jiwe kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki laini. Ondoa udongo, kinywe na kipande chochote cha kwatzi kilichong'ang'ania. Kwatzi ina densiti ya 2.65 na kinywe karibu 2.2, kwa hiyo vikibaki vitashusha jibu, na tsavoraiti halisi itaonekana kama kitu kingine. Likaushe kabisa.

2. Pima jiwe likiwa kavu. Andika namba hiyo, tuiite A.

3. Weka kikombe chenye maji nusu juu ya mzani. Tia tone moja la sabuni ili maji yasishikamane na uzi. Bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri hadi usome 0.00.

4. Funga jiwe kwa uzi. Funga ncha nyingine kwenye kijiti kilicholazwa juu ya makopo mawili, moja kila upande wa mzani. Kijiti na makopo yasiguse mzani hata kidogo.

5. Shusha jiwe mpaka lizame lote. Lisiguse chini wala pembeni ya kikombe.

6. Tazama kama kuna mapovu yaliyoshika jiwe. Yafute kwa ncha ya sindano au brashi, kisha toa mkono.

7. Soma mzani. Namba hiyo ni B. Gawanya A kwa B.

Mzani hapa hauonyeshi uzito wa jiwe, maana jiwe linabebwa na uzi. Unaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe, yaani ujazo wake. Ndiyo maana hesabu ni fupi hivyo.

Tuseme jiwe kavu lina gramu 2.89. Ukisoma 0.80 ndani ya maji, 2.89 ÷ 0.80 ni 3.61, na hiyo ni densiti ya tsavoraiti. Ukisoma 0.94, jibu ni 3.07, tomalini. Ukipata jibu karibu na 1, jiwe limegusa chini ya kikombe na mzani umebeba uzito wote. Linyanyue uanze tena. Jibu likicheza kila unaporudia, kuna upepo, au uzi unagusa ukingo wa kikombe. Funga dirisha, zima feni. Jibu la chini kuliko ulivyotarajia mara nyingi ni povu la hewa lililojificha kwenye ufa: acha jiwe ndani ya maji kwa dakika kumi, kisha rudia.

Na ukipata namba ambayo si ya huku wala kule? Kati ya 3.27 na 3.50 kuna mawe mengine ya kijani: daiopsaidi ya kromi ni karibu 3.29, na peridoti karibu 3.34. Chini ya 2.75 fikiria zumaridi (karibu 2.7), kwatzi, au kioo cha chupa, ambacho kwa kawaida ni 2.5 hivi. Juu ya 4.5 jiwe huenda limetengenezwa kiwandani, maana zirkonia ya kutengenezwa huvuka 5.5.

Kipimo hiki kina mpaka wake, na wengi hawauheshimu. Chukua jiwe la gramu 0.50. Tsavoraiti ya uzito huo husukuma maji ya gramu 0.14, tomalini husukuma 0.16. Tofauti ni 0.02 tu, na mzani wako unaweza kukosea kwa 0.01. Kwa jiwe lililo chini ya gramu 1, tumia mzani unaosoma 0.001, ule wa karati. Kama huna na una mawe kadhaa madogo uliyokwisha kuyapitisha kwenye jaribio la mwanga na kuona yana tabia moja, yapime yote kwa pamoja ndani ya kipande kidogo cha wavu. Usisahau kurudisha sifuri wavu ukiwa tayari majini bila mawe.

Jaribio la pili: lenzi mbili za polaroidi

Hapa unahitaji miwani ya jua ya polaroidi. Nyingi zinazouzwa barabarani ni plastiki nyeusi tu, kwa hiyo ijaribu kabla hujalipa: itazame skrini ya kompyuta ya mpakato kupitia lenzi moja, kisha zungusha miwani taratibu. Kama ni polaroidi kweli, kuna pembe ambayo skrini inakuwa nyeusi kabisa. Isipozima, mrudishie muuzaji.

Toa lenzi zote mbili kwenye fremu. Washa tochi ya simu na uifunike kwa karatasi nyeupe ili mwanga usambae. Weka lenzi ya kwanza juu ya karatasi hiyo. Shika ya pili juu, sentimita tano hivi, na uizungushe mpaka giza litande. Iache hapo. Sasa ingiza jiwe katikati kwa kibanio, ulizungushe polepole mzunguko mzima ukitazama kutoka juu.

Tsavoraiti inabaki giza muda wote. Tomalini inawaka na kuzima mara nne katika mzunguko mmoja. Sababu ni kwamba gaineti imejengwa sawa pande zote, mwanga unapita kama ulivyoingia. Tomalini inaugawa na kuugeuza, na sehemu yake inapenya lenzi ya juu.

Kuna mitego mitatu. Wa kwanza: tomalini ikitazamwa kwa urefu wa kijiti chake, kutoka ncha hadi ncha, haigawi mwanga, na itabaki giza kama gaineti. Kwa hiyo kila jiwe litazame kwa pande tatu tofauti kabla hujatamka jina. Likiwaka upande mmoja tu kati ya pande hizo, hiyo si gaineti. Wa pili: gaineti nyingi zina mkazo wa ndani na huonyesha vivuli vinavyotambaa kama nyoka jiwe linapozunguka. Hivyo si kuwaka na kuzima. Tomalini inazima yote kwa mpigo, na kuwaka yote kwa mpigo. Wa tatu ni kioo, ambacho nacho hubaki giza. Ndiyo maana jaribio la mwanga halitoshi bila lile la uzito.

Kama jiwe ni ghafi na uso wake umechubuka, mwanga utatawanyika usione kitu. Lizamishe kwenye mafuta safi ya nazi ndani ya bilauri ya kioo, kisha rudia. Bilauri iwe ya kioo kwelikweli. Ya plastiki yenyewe hutoa rangi za upinde wa mvua kati ya lenzi mbili, na utafikiri ni jiwe. Ukimaliza osha mafuta kwa sabuni, maana mafuta yakiingia kwenye nyufa huzificha, na mnunuzi makini anaweza kudhani umefanya makusudi.

Lenzi moja pekee nayo ina kazi. Weka jiwe mbele ya karatasi nyeupe yenye mwanga, litazame kupitia lenzi moja, na uizungushe lenzi kwa robo mzunguko. Tomalini hubadilika, mara kijani cheusi, mara kijani cha manjano au cha buluu. Tsavoraiti haibadiliki. Kwa jiwe lililokwisha kukatwa kuna njia nyepesi zaidi: shika lenzi ya kukuza mara 10, tazama kupitia uso wa juu hadi kwenye mistari ya kona za chini. Kwenye tomalini mistari hiyo huonekana miwilimiwili, kana kwamba macho yamechoka. Kwenye tsavoraiti kila mstari ni mmoja. Hapa pia tazama kwa pande zaidi ya moja.

Majaribio ya kuacha

Kukwaruza chupa hakuthibitishi kitu. Mawe yote mawili yanakwaruza kioo, na kwatzi pia. Kulikwaruza jiwe lenyewe kwa msasa ni kulipunguzia thamani kwa mikono yako.

Kuchoma kwa kiberiti cha gesi ni kubaya zaidi. Tomalini mara nyingi ina vijineli na vifuko vya kimiminika ndani yake. Vikipata moto wa ghafla hutanuka na kulipasua jiwe. Tsavoraiti nayo, kwa jinsi ilivyojaa mikazo, hupasuka ikibadilishiwa joto haraka. Ni kweli tomalini ikipashwa kidogo huvuta majivu na vumbi kwa chaji ya umeme, na tabia hiyo inajulikana tangu karne ya 18, lakini si kipimo cha kufanyia jiwe la mtu.

Kichujio kile cha plastiki cha kijani na chekundu wanachotembea nacho baadhi ya mabroka hakitenganishi mawe haya. Tomalini ya kromi huonekana nyekundu kupitia kichujio hicho, na tsavoraiti nyingi pia. Kinachojulikana hapo ni kwamba kuna kromi au vanadi, basi.

Sumaku kali inaweza kusaidia kidogo: tomalini ya kijani iliyopata rangi kutokana na chuma huvutwa kwa udhaifu ikiwekwa juu ya kipande cha povu kinachoelea majini, wakati tsavoraiti haivutwi. Lakini tomalini ya kromi nayo haivutwi, kwa hiyo kutovutwa hakuna maana yoyote.

Kukata

Kwa kawaida jiwe ghafi la kukata hubakiza asilimia 20 hadi 30 ya uzito wake. Gramu 2 ni karati 10 (gramu moja ni karati 5), kwa hiyo tegemea jiwe la karati 2 hadi 3. Anayekuahidi nusu ya uzito anakusudia kukuachia jiwe lenye umbo baya au lenye dirisha katikati, yaani sehemu unayoona ng'ambo yake kama kioo.

Tsavoraiti haina mwelekeo wa rangi, popote utakapoweka uso wa juu kijani ni kilekile. Mkataji anaangalia vitu viwili tu, nyufa ziko wapi, na rangi ina kina gani. Jiwe lililokolea sana likatwe jembamba kidogo ili lisiwe jeusi, na lililofifia liachiwe kina. Kwa kuwa linapinda mwanga sana, mwanga hauvuji chini hadi pembe ishuke chini ya nyuzi 35 hivi, kwa hiyo nyuzi 40 hadi 42 kwa sehemu ya chini zinatosha na zinaacha nafasi.

Tomalini inadai fikra zaidi, na hapa ndipo mawe mengi mazuri yanaharibiwa. Kabla ya kugusa jiwe kwa msumeno, litazame kwa ubavu, kisha kwa ncha. Mara nyingi kwa ubavu ni kijani kinachopendeza, na kwa ncha ni giza totoro. Jiwe la namna hiyo likikatwa uso wa juu ukielekea nchani, litakuwa jeusi hata likiwa safi namna gani. Uso wa juu uwekwe ubavuni, sambamba na urefu wa kijiti, na umbo liwe la mstatili. Ncha mbili za mstatili huo zikatwe kwa mwinuko mkali, nyuzi 65 hadi 70, ili giza la urefuni lisirudishwe kwenye macho ya mtazamaji. Kama ncha nayo inapitisha mwanga na rangi yake ni nzuri, unaweza kukata duara bila hofu. Sehemu ya chini isiwe chini ya nyuzi 40. Mpaka wa tomalini ni karibu nyuzi 38, na mkataji aliyezoea tsavoraiti akishusha pembe chini ya hapo ili kubana uzito atapata dirisha, unaona kidole chako kupitia jiwe.

Kijiti kirefu cha tomalini huweza kuwa na mkazo unaofanya kipasuke msumeno unapofika katikati. Kata polepole kwa maji mengi, na geuza jiwe kidogo kidogo badala ya kusukuma upande mmoja. Kulibandika kwenye kijiti cha kukatia tumia gundi ya baridi kwa mawe yote mawili. Nta ya moto ni hatari kwa jiwe lenye nyufa. Kung'arisha, tsavoraiti hukubali vizuri oksidi ya aluminiamu au unga wa almasi namba 50,000. Tomalini hukubali oksidi ya aluminiamu na ya seriamu.

Ukikuta tomalini iliyokolea mno, kuna wanaoipasha kwenye tanuru, nyuzi joto 500 hadi 600 za selsiasi, kwa kupandisha na kushusha joto taratibu kwa saa nyingi. Kijani cha chuma huweza kupauka na kuwa kizuri. Cha kromi hakibadiliki. Fanya hivyo kwa jiwe safi tu, lisilo na vifuko vya maji, na umwambie mnunuzi. Tsavoraiti haipashwi, uasilia huo ni sehemu ya thamani yake.

Kwa sonara

Karati ni kipimo cha uzito, si cha ukubwa, na hapa wateja wengi hupotea. Kwa kuwa tsavoraiti ni nzito, jiwe lake la karati 1 ni dogo kwa macho kuliko tomalini ya karati 1. Tomalini ina ujazo mkubwa zaidi kwa takriban asilimia 18. Ukitaka kuziba nafasi ya tsavoraiti ya karati 1 kwenye hereni kwa tomalini ya umbo na vipimo vilevile vya milimita, agiza karati 0.85. Agiza kwa milimita kila mara, karati ije baadaye.

Tsavoraiti hung'aa hata ikiwa ndogo ya milimita 2, kwa hiyo inafaa kuzungushia jiwe kubwa au kupanga mstari kwenye pete. Safi yenye zaidi ya karati 2 ni adimu, na juu ya 5 ni adimu sana, ndiyo maana bei ya kila karati hupanda kwa kasi jiwe linapokua. Usikate jiwe la karati 2.1 likawa mawili madogo kwa sababu ya ufa mdogo wa ukingoni. Tomalini hupatikana kwa vipande virefu na vikubwa, inafaa kidani, hereni ndefu na pete ya jiwe moja kubwa. Ya kawaida iliyo ndogo sana huelekea kuonekana nyeusi.

Pete ya kuvaliwa kila siku iwe na ukingo wa dhahabu au fedha unaolizunguka jiwe, hasa kwa mama anayepika, kufua na kubangua korosho kwa mkono huohuo. Kucha nne nyembamba za kushikilia jiwe zinaacha kona wazi, na kona ndiyo huanza kumeguka. Kabla ya kulehemu pete, toa jiwe. Kusafisha ni maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki laini. Mashine ya mtetemo na mvuke ikae mbali na tomalini, na mbali na tsavoraiti yoyote yenye nyufa.

Mezani pa mauzo

Uza ndani ya soko la madini. Masoko haya yalianza kufunguliwa nchini mwaka 2019, na Ruangwa lipo. Sheria ya madini baada ya marekebisho ya mwaka 2017 iliweka mrabaha wa vito kuwa asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1, na kuna ushuru wa halmashauri. Viwango hurekebishwa kwenye bajeti, hivyo ulizia dawatini kabla ya kupatana bei, na mpatane wazi nani analipa.

Pima jiwe lako nyumbani kabla ya kwenda, na uandike tarehe, gramu, densiti uliyopata na jina. Kwenye stakabadhi hakikisha hapaandikwi "jiwe la kijani". Paandikwe tsavoraiti au tomalini, na gramu zake. Onyesha mawe asubuhi kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha, juu ya karatasi nyeupe. Taa ya manjano huifanya tomalini ya chuma ionekane ya kahawia. Jiwe likiwa safi na linatarajiwa kutoa zaidi ya karati 2 baada ya kukatwa, inafaa kulipa gharama ya kulipeleka kupimwa rasmi, kwa mfano Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo Arusha, kabla hujakubali bei.

Kila jiwe lifungwe karatasi yake. Yana ugumu sawa, na yakikaa pamoja mfukoni kwenye bodaboda kutoka Namungo hadi Ruangwa mjini, yatakwaruzana kona njia nzima.